Swali la Mwalimu wa Benchi

Wazazi wetu, ndugu, majirani na marafiki mliofika kutufariji, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, na familia imenipa kazi ya kusoma karatasi hii kwa kuwa, walivyosema, wengine wote wangelia, ingawa hakuna aliyeniuliza kama mimi sitalia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa karani wa stesheni na mama mkunga, naye alianza kusema mapema na hakupumzika, hata mama akawa anawaambia wageni kwamba huyu amemeza redio. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari mwaka 1974, akahitimu chuo cha ualimu tarehe 2 Desemba 1976, na kwa miaka kumi na tisa akafundisha hesabu katika shule za kawaida. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, aliyetutangulia mwaka 2015, wakajaliwa binti mwaka 1983, ambaye ni mfamasia, na mwana mwaka 1986, ambaye ni mwashi.

Januari 1996 alihamishiwa kituo cha vyumba viwili nyuma ya zahanati, kilichokuwa stoo ya dawa, kufundisha watoto wasiosoma shule za kawaida, yaani waliofukuzwa, waliougua muda mrefu, na wale ambao wakifika tu kwenye geti la shule walitapika kwa hofu. Watu walikiita darasa la walioshindikana, naye akiwajibu kwamba mtoto hashindikani, mtu mzima ndiye huchoka mapema. Nje ya mlango aliweka benchi, na mwanafunzi aliyezidiwa moyoni aliruhusiwa kutoka na kukaa hapo bila kuomba ruhusa, naye Mwalimu angekwenda kukaa upande wa pili akisahihisha madaftari, mpaka mtoto aseme au arudi ndani. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mwalimu wa Benchi.

Aliniagiza nisifiche kosa lake, nami nalisoma. Mwaka 2003 kijana mmoja aliyekuwa akibamiza milango na kupigana aliacha ghafla, akawa mpole, benchi halimwoni tena, na dada akafurahi, akajaza fomu kwamba ametulia na arudishwe shule ya kawaida. Wiki tatu baadaye kijana yule alilazwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini dada aliitunza nakala ya fomu ile ndani ya daftari la mahudhurio hadi alipostaafu mwaka 2017, na tangu kijana yule alipolazwa kila mtoto aliyekuwa kimya alimuuliza swali moja, "Umetulia, au umenyamaza tu?", wala hakusaini fomu ya mtu mpaka apate jibu, hata maofisa walipomlalamikia kwamba anachelewesha watoto.

Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Kufikia Mei redio yetu ilikuwa imezimika, analala akitazama ukuta, nami nikasimama mlangoni nikiwaambia wageni kwamba dada ametulia, ameyapokea yaliyompata. Nilisema hivyo kwa siku kumi na moja, na ninaona aibu kulisoma hili mbele yenu. Tarehe 28 Mei alikuja fundi wa friji, ndiye yule kijana wa 2003, akaketi upande wa pili wa kitanda, kisha akamuuliza lile swali. Dada akajibu kwamba amenyamaza, kwamba maumivu ni makali kuliko anavyomwambia daktari, na kwamba anaogopa kufa chumba kikiwa kitupu. Tulilia wote. Siku ileile daktari alibadilisha dawa, nasi tukaanza kupokezana, chumba hakikuwa kitupu tena. Jumanne tarehe 6 Juni 2023, asubuhi, zamu ikiwa yangu, nilimuuliza mimi, akasema ametulia kweli na niache kumsumbua, na saa nne na dakika arobaini akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani walioleta viti na maji, walimu wenzake wawili wa kituo, na wanafunzi wake waliolibeba lile benchi hadi hapa, ambalo naona wazee wamekwisha kulikalia. Fundi wa friji, wewe asante yako familia haijui iiandike vipi. Nanyi wengine, mkirudi nyumbani, yule mtoto asiyewasumbua siku hizi, kaeni karibu naye mmuulize.

Dada, wewe hatukuulizi tena, jibu tulilipata. Pumzika kwa amani.