Bi. Safina na Mtoma wa Nshamba

Baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya misitu, Bi. Safina Omary anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alizaliwa Miembeni, mjini Bukoba, akakulia dukani kwa baba yake kati ya majora ya vitenge, na miti aliiona kwa mbali tu.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Izimbya. Huko alikuta mtoma, mti wa jamii ya mkuyu, uliofungwa majani ya migomba shina zima. Akadhani unanyongwa, akakata kamba zote. Mwenye shamba, Mama Annastella, alirudi kutoka kuchuma kahawa akamkuta amesimama kwa fahari. Kumbe mti ulikuwa umetoka kubanduliwa gome la kutengenezea lubugo, nguo ya asili, na majani yale ndiyo yaliyokuwa bandeji yake. Bi. Safina aliufunga upya kwa mikono yake, kisha akala ndizi za mwenyeji wake kwa aibu. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, na kila mwaka aibu inapungua na ndizi zinaongezeka.

Tangu hapo hakumfundisha mtu mti akiwa ofisini. Huwapeleka wanafunzi na maofisa wapya shambani alfajiri, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala juu ya migomba, akawaambia wafumbe macho, wapapase gome, wanuse jani, wasikilize. Dereva wetu Lukmani alizoea kulalamika kwamba mama anaamkia kila mti njiani. Siku hizi husimamisha gari kabla ya kuambiwa.

Septemba iliyopita, katika shule moja ya msingi karibu na Nshamba, watu wasiojulikana waliubandua kwa panga mtoma mkongwe, kuzunguka shina lote, ili ukauke wapate nafasi ya vibanda. Kijiji kikaamua kwamba usipochipua masika, ukatwe. Bi. Safina alilia mbele yetu sote. Kisha akaagiza majani ya migomba. Aliufunga, akawafundisha walimu na wanafunzi kuyabadilisha yakikauka, na kila Jumamosi akawa kule. Tulipomsihi apumzike, kwa kuwa ustaafu unakaribia, alijibu, "Mpola mpola, waitu, polepole jamani. Huyu ni mgonjwa, si kuni."

Aprili, asubuhi ya manyunyu, mwalimu mkuu alimpigia simu akamwomba aje upesi auone mti. Tulikwenda sote. Juu kabisa, kwenye tawi tulilokwisha kulikatia tamaa, kulikuwa na machipukizi. Bi. Safina aliegemea shina, akafumba macho, nasi tukafumba. Mvua ilitulowesha na hakuna aliyetaka kuondoka.

Ahsante, Bi. Safina, kwa kutufundisha kusimama. Mungu akujalie afya, usingizi mzuri na asubuhi zisizo na haraka. Upande wa chini gome bado halijafunga, tunajua unalifikiria. Lala bila wasiwasi. Majani tutayabadilisha sisi.