Mayai ya Krismasi

Kinyozi alijifanya amesinzia ndani ya basi, kumbe masikio yote yako kwa wanawake wawili waliokaa mbele yake.

"Krismasi, mayai na mkate?" alimaka yule aliyepakata kapu la viazi. "Mama mkwe wako atasemaje?"

"Aseme tu, dada yangu," alijibu mwenzake, fundi cherehani. "Miaka kumi na miwili napika tangu alfajiri. Nikifika mezani, wenzangu wanachokonoa meno. Mwaka huu na mimi nataka kukaa."

"Watakucheka!"

"Wacheke wakiwa wameshiba."

Kinyozi, ambaye kwao ndiye wa kwanza kuchokonoa meno, alijikuta amefumbua macho.

Basi likasimama. Mwenye viazi akanyanyua kapu, akaguna kwa uzito wake, kisha akageuka mlangoni.

"Hayo mayai," akauliza, "unayachemsha au unayakaanga?"