Alama za Jiko la Fokje

Sogezeni viti, wanangu. Wewe Douwe, zima redio, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na kitu. Habari hii aliyenihadithia kwanza ni mama yenu Aukje, Jumapili moja ya Februari 1984, hapa hapa Groningen, akivua koti la kanisani. "Leo mdogo wangu kakosa ibada nzima," alisema. "Nimemkuta kaganda mbele ya jiko lake la gesi. Anafika mlangoni, anarudi. Nikamwambia, Fokje, hilo jiko limezimwa tangu jana, unalinda nini hapo, maziwa ya malkia?" Mama yenu alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sababu nilikuwa naijua. Au nilidhani naijua.

Mnajua sikuwa msomi. Nilimaliza sekondari tu, nikaajiriwa na Profesa Ouwerkerk kupeleka karatasi za maswali majumbani mwa watu. Yeye alitaka kujua kama mnunuzi anayeulizwa kila mara ikiwa ameridhika, kuridhika kwake huongezeka au hupungua. Watu ishirini walionunua majiko mapya niliwauliza mara moja. Ishirini wengine niliwauliza kila Ijumaa kwa wiki kumi na mbili: lipe jiko lako alama, moja hadi kumi, kisha taja kasoro uliyoiona. Mwanzoni kabisa mwanamke mmoja wa kundi la Ijumaa akahamia Zwolle, na kanuni ilisema nafasi yake apewe mtu nisiyemjua. Siku hiyo mvua ilinyesha, nikaona uvivu kuzunguka, nikamwandika shemeji yangu Fokje, aliyekuwa amenunua jiko kwa ajili ya nyumba atakakoolewa.

Alama zake nazikumbuka kuliko siku zenu za kuzaliwa, mnisamehe: tisa, tisa, nane, sita. Mwanzo alinitania, "Shemeji, umekuja tena? Jiko limenishtaki kwako?" akanipa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo. Ijumaa ya nane hakutania. "Wobbe, mbona mnaniuliza kila wiki? Kuna kitu mnakijua kuhusu majiko haya?" Kanuni ilinikataza kujibu, na mimi niliyeivunja kwa sababu ya mvua, siku hiyo ndipo nikaiheshimu. Nikasema, "Taja kasoro." Akataja swichi, kwamba huenda haizimi sawasawa. Baada ya jiko akaanza kurudia mlango, na baada ya mlango akaanza kumwuliza mchumba wake Geert kama ana hakika anampenda, mara kumi kwa siku, hadi Geert akachoka akaenda zake. Huu mwaka wa arobaini, mama yenu mdogo anatumia saa nzima kutoka nyumbani kwake.

Nilimweleza profesa. Akanijibu, "Mtu mmoja si ushahidi, Wobbe," akalifuta jina la Fokje kwa kuwa ni ndugu, na hasira yake ilikuwa juu ya kanuni, si juu ya Fokje. Huenda alisema kweli, maana mama yenu alipata kuniambia kuwa Fokje alikuwa akihesabu ngazi tangu utotoni. Pafukapo moshi pana moto, lakini aliyeuwasha ni nani, mimi au maumbile yake? Sijui, wanangu. Nimelizungusha swali hili hadi limekuwa laini kama kokoto, halishikiki.

Na sasa kuna linalonichanganya zaidi: sijui kama nimekwisha kumwambia. Naiona siku ya mazishi ya mama yenu, namweleza yote, naye ananishika mkono, "Hayo yamepita, shemeji." Kisha naiona siku ile ile, mkate ule ule wa jibini mkononi, nami nimenyamaza na yeye anazungumzia mvua. Kila nikirudi kuitazama, picha inafifia. Leo nimewauliza mara ngapi kama nilimwambia? Mara nne? Mnaona, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama alinisamehe, kumwambia tena ni kutonesha donda. Kama sikumwambia, nakufa na kitu chake.

Basi shikeni haya. Douwe, nyumba anayokaa Fokje ni yangu, na najua ulimwita dalali. Usiiuze angali hai. Hiske, droo ya chini ina bahasha ya kaki: karatasi zake kumi na mbili na barua yangu. Mpelekee mwenyewe, mkononi. Kama anajua, ataona tu kwamba mzee alichanganyikiwa. Kama hajui, apate mtu wa kumlaumu badala ya kujilaumu. Kunywa kahawa yake, uondoke. Usimwulize anajisikiaje. Usimwulize kama amenisamehe, wala usirudi wiki ijayo kumwuliza. Na mimi nikikuuliza kama nimekuagiza, au kama umempelekea, usinijibu. Hata nikikulilia.

Maji... kidogo tu. Inueni mto. Mungu awape usingizi wa mtu aliyefunga mlango mara moja akaamini. Mpendane... Douwe, mpishe dada yako apite.

Hiske, ile bahasha... nimeshakuambia?

Umenyamaza. Vizuri, mwanangu.

Aukje amekufa. Profesa amekufa. Geert alizikwa Assen mwaka jana... Fokje yu hai. Nenda sasa.