Uvimbe Mzee Wangu Alikuwa Anaficha

Wapendwa, nimeomba nafasi ya ushuhuda mwenyewe. Nitaongea Kiswahili ndio wageni wetu Wakuria wasiachwe nyuma. Kama kuna watoto karibu, waacheni wakae. Hakuna matusi hapa.

Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alikuwa mtu ya jembe ya ng'ombe. Kwetu Uriri watu walikuwa wanamngoja awalimie. Akaanza kulia mgongo. Tukapaka dawa, tukakanda na maji moto. Halafu siku moja akapiga chafya, ubavu ikavunjika. Chafya! Nikamwambia, "Baba, umepigwa na pua yako?" Akacheka, halafu akalia. Hiyo ndiyo kicheko yake ya mwisho nakumbuka vizuri.

Akakonda. Na mnajua siku hizi, mtu akikonda majirani wana jina moja tu ya ugonjwa. Hospitali upande wa Homa Bay wakapima, si hiyo. Wakasema ni kansa ya ndani ya mfupa, pale damu inatengenezwa. Wakampa tembe. Ndugu zangu, nawaambia, zile tembe zilimsimamisha! Alishika jembe tena. Nikatoa shukrani hapa hapa, mkaimba na mimi.

Halafu akaanza kulala na suruali. Akitembea anatanua miguu kama mtu amebeba yai. Usiku moja nikaona amevimba, nikauliza.

"Ni mshipa ya ngiri tu. Nyamaza, Nyar Lambwe." Aliniita hivyo sababu mimi ni msichana wa Lambwe.

Mke wa ndugu yake mkubwa akaona vile anatembea, akasema hii si mshipa, ni chira. Wageni wetu, chira ni laana ya kuvunja mwiko, inakula mtu polepole. Kwetu nyumba ya mkubwa ndiyo inaanza kupanda. Akasema mimi nilitangulia kuweka mahindi kwa udongo, ndio mume wangu anavimba. Wapendwa, mbegu yangu ilikuwa bado kwa chungu! Lakini mzee akaanza kunywa mitishamba, na akienda hospitali anataja mgongo peke yake. Hapo bomani hakuna mtu alikula chakula ya mkono wangu tena. Mama mkwe alikuwa anageuza uso. Nilijua akifa hivyo, mimi ndiye nimemuua, na watoto wangu watakua wakiitwa watoto wa huyo mama.

Siku ya kliniki nikaenda na yeye. Daktari alikuwa kijana wa mbali, hajui Dholuo, lugha yetu.

"Mzee, kuna shida ingine?"

"Hakuna."

Kwa Dholuo jina ya pale amevimba haiwezi kupita meno yangu. Lakini kule ngumbaru, shule ya watu wazima, jioni, mwalimu alitufundisha mwili kwa Kiswahili, yote, sisi wamama tukijificha na leso. Kwa Kiswahili ilikuwa neno tu, kama goti. Nikasema, "Daktari, korodani yake imevimba."

Mzee wangu aliniangalia kama nimemvua nguo sokoni.

Walimpasua, wakaitoa, wakaipeleka kupimwa. Daktari akatuita. "Mama, ni ile ile kansa ya mfupa. Imeteremka huko. Hii nimesoma tu, sijawahi kuiona." Nikamuuliza, kama tungesema mapema? Akasema hajui. Afadhali angesema ndiyo ama hapana. Hiyo "sijui" bado nalala nayo.

Mzee akakataa kuniongelesha. Nilikuwa namlisha, anaangalia ukuta. Mpaka ikafika hawezi kugeuka kitandani, ndio akatuma waitwe ndugu yake, mke wa ndugu, na mama yake. Mama yake! Mwanaume kutaja kitu kama hiyo mbele ya aliyemzaa, mimi sijawahi kusikia. Akaitaja, na kwa Dholuo, ile mimi siwezi.

"Ilivimba sababu ya kansa. Wameikata. Nyar Lambwe hakupanda mbele ya mtu. Nikienda, msimguse."

 Mama mkwe alifunika uso na leso. Halafu akasema, "Nyar Lambwe, niletee uji." Nikaleta. Akakunywa yote.

Mzee alikufa mahindi ikitoa maua. Sitawadanganya, Mungu hakumponya. Niliomba mpaka maneno ikaisha. Nikaacha kuja hapa. Nilikuwa nakaa tu, mgongo kwa ukuta, kuku inaingia mpaka kwa sufuria na siifukuzi. Wamama wa kanisa hii hawakuniletea mahubiri. Walikuja na majembe, wakapalilia shamba yangu, wakaenda. Asanteni. Asante kwa yule daktari, na kwa mwalimu wetu wa ngumbaru. Asante kwa mama mkwe, ameketi pale. Bado kuna asubuhi sitaki kuamka. Naamka, sababu Mungu sijamwachilia, hata kama sijamwelewa.

Sasa nyinyi wazee wa benchi ya nyuma, naona mnaangalia viatu. Chekeni kama mnataka. Lakini daktari akiuliza kama kuna ingine, mjibuni. Dholuo ikikataa kwa mdomo, Kiswahili iko. Mzee wangu alisema mbele ya mama yake. Nyinyi semeni tu mbele ya daktari.