Nafasi Aliyoidai Jocelyne Nabintu

Wazazi wetu, ndugu wa kanisa, na ninyi mliofanya naye kazi wodini, familia ya Cirhuza na ya Mushagalusa imeniomba mimi, Gaston, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya mama huyu tunayemzika leo, nami nitasoma polepole.

Jocelyne Nabintu Cirhuza alizaliwa tarehe 9 Juni 1978 huko Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Cirhuza, fundi seremala, na Mama Faida, ambaye ameketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hukohuko Kadutu, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1998, mwaka uleule ambao baba yao aliuawa njiani akirudi kutoka Walungu, akiwa na kitindamimba wake, Gustave, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye alifika nyumbani peke yake na hakumwambia mtu yeyote alichokiona.

Mwaka 2004 alikuja hapa Johannesburg na mdogo wake huyo, wakiwa wakimbizi, wakapanga chumba mtaa wa Bellevue, akawa anasuka nywele katika saluni moja ya mtaa jirani wa Yeoville huku akifuatilia cheti chake kitambuliwe, na wateja wake wa wakati ule, ambao wengine wapo hapa, wanakumbuka jinsi mtu alivyokuja kusukwa tu akajikuta amemweleza mambo yake yote.

Jumamosi ya tarehe 8 Desemba 2007 alifunga ndoa na Bwana Emery Mushagalusa, fundi cherehani, wakajaliwa Valerie mwaka 2009 na Ishaka mwaka 2012. Mwaka 2011 alisajiliwa kuwa muuguzi, akaajiriwa katika wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali moja ya serikali, na huko aliwaona wakimbizi wenzake wakipewa vidonge vya usingizi na kurudishwa nyumbani, na nyumbani kwake alimwona Gustave, ambaye ni mlinzi wa duka, akikaa kitandani asubuhi ameshika viatu mkononi, hana nguvu ya kuvivaa.

Ndiyo maana, aliposikia mwaka 2021 kwamba kituo kimoja cha Braamfontein, hapa mjini, kinafundisha tiba ya saikedeliki, yaani kumtibu mtu kwa dawa zinazobadili fahamu kwa muda, katika utafiti ulioruhusiwa na chini ya uangalizi wa daktari, na kwamba upo ufadhili kwa watu wa jamii ambazo hazionekani katika kazi hiyo, aliomba, akakataliwa, kwa sababu ufadhili ulikuwa wa raia wa Afrika Kusini peke yao. Hakugomba. Aliomba kuonana na kamati, akawaambia kwa utulivu, "Kila mhadhara wenu una picha ya mkimbizi. Tunafaa kuwa mfano wa maumivu, lakini kusomea namna ya kuyatibu hatufai?" Mwaka uliofuata sharti lilibadilishwa, na Februari 2023 akaingia darasani, mkimbizi wa kwanza kupata ufadhili huo.

Haikuwa rahisi, maana kanisani ilisemwa kwamba anasomea uchawi wa uyoga, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hutokana na uyoga, akaondolewa kwenye uongozi wa sala za wamama, na hata nyumbani Emery alimuuliza, "Mama Valerie, hiyo ndiyo dawa unayotaka kumpa Gustave?" Akamjibu kwamba mtu haruhusiwi kumtibu ndugu yake, kwamba anawasomea watu asiowajua, ili na Gustave siku moja ampate mtu wa kwao wa kumtibu. Tangu siku hiyo Emery akawa anamsindikiza kituo cha taxi kila siku ya masomo.

Agosti 2024, akiwa amebakiza mafunzo ya vitendo, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na aliposhindwa kusimama, Gustave ndiye aliyemwosha na kumlisha. Alasiri moja ya mwezi Machi mwaka huu Gustave alimwambia dada yake mkubwa, "Yaya, baba hakufa palepale," akaanza kusimulia, akasimulia mpaka jua likazama, bila dawa yoyote, na Jocelyne hakumkatiza wala kumshauri, alimshika mkono tu. Kesho yake alimwambia mumewe, "Nilitaka sana kumaliza masomo," akalia.

Alifariki Ijumaa ya tarehe 2 Mei 2025, asubuhi, nyumbani Bellevue, akiacha mume, watoto wawili, mama mzazi na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Bellevue mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, walimu na wanafunzi wa Braamfontein, pamoja na kanisa hili lililotufungulia milango leo.

Mama Valerie, watoto wako tunao, lala sasa kwa amani.