Kanada Yangu Ilikuwa Idjwi

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, kabla sijaanza, namwomba aliyeketi karibu na mlango auache wazi. Nitasema mambo ambayo wengi wenu mnayajua nusu, na huenda mtu akataka kutoka kabla sijamaliza. Atoke kwa amani. Mimi mwenyewe nilitoka mahali pengi ambapo ilinipasa kubaki.

Mwenyekiti wetu ameniomba niseme kwa sababu ya vijana hawa saba wa upande wa dirisha, ambao kila mmoja ana dosye, faili la kazi ya ng'ambo, mkobani mwake. Ameniomba niseme kwa utaratibu, bila kumtaja mtu jina. Utaratibu ninao, nilifundisha Kilatini miaka kumi na tisa, na lugha hiyo haimhurumii mtu mwenye haraka.

Naanza na kosa la kwanza, ambalo lilitangulia safari yangu kwa miaka kadhaa. Mwanamume mmoja wa mtaa wetu huu wa Nyalukemba aliagwa hapa kwenda Ubelgiji. Tulimwekea mikono, tukamwimbia, akina mama wakampa unga wa muhogo wa kwenda nao. Baada ya wiki tatu alirudi. Alikuwa amekwama katika uwanja wa ndege wa nchi ya katikati, kwenye transiti, akarudishwa na unga wake. Jumatano iliyofuata alipoingia chumba hiki, kabla hajaketi, mtu mmoja akasema: "Karibu, Musiye Transiti!" Chumba kizima kilicheka. Jina likamganda. Watoto walimwita hivyo njiani, wauza makaa wakamwita hivyo, na siku mke wake alipojisahau akamwita hivyo mezani, alifunga virago akaenda upande wa Mwenga, kwenye machimbo, ambako hakuna aliyemjua.

Aliyelitunga jina lile ni mimi. Tena nilijivunia. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba ni jina sahihi kwa maana yake na kwa sauti yake. Yeye akaendelea kupepeta maharage.

Sasa nije kwenye safari. Mnajua mshahara wa mwalimu, sina haja ya kuusimulia. Kile ambacho vijana huenda hamkijui ni namba ya matrikule, ile inayomtambulisha mwalimu kwa serikali. Niliingoja miaka kumi na mmoja. Kuiacha ni rahisi, barua moja tu. Kuirudia ni kuanza tena mwisho wa mstari, nyuma ya watu uliowafundisha.

Juu ya duka moja kule Nyawera, mtu alifungua ofisi. Palikuwa na bendera ya Kanada ukutani, kiti cha ngozi na maua ya plastiki. Alikuwa mtu mpole; aliniita "Professeur" kwa heshima ambayo prefe, mkuu wa shule yetu, hakuwahi kunipa. Alinionyesha kontrati ya kazi katika kiwanda cha kufungasha mboga. Nilikubali. Mtu aliyefundisha hotuba za Warumi alifurahi kwamba atafunga nyanya katika maboksi, na sioni aibu kulisema, kwa maana nilikuwa na watoto wanne.

Ninyi mnaniita msomi. Basi sikilizeni msomi alivyofanya. Kwa miezi mitano nilijifunza Kanada. Nilijua kina cha theluji ya Januari, majina ya mito, historia ya magavana wao. Niliijua nchi ile kuliko wengi waliozaliwa ndani yake. Swali moja sikuliuliza: je, yuko mtu mmoja, mwenye sura na mama yake, aliyekwisha kupita mlango huu akafika? Mwuza mbuzi wa sokoni angeliuliza hilo kwanza. Fedha nilizotoa sitazitaja leo. Zilikwenda, na hazikuniuma kama yanayofuata.

Nikampelekea prefe barua ya kuacha kazi. Vitabu vyangu niliwagawia wanafunzi. Mkaniaga hapa, mahali hapahapa, mkaniwekea mikono. Mama mmoja aliniambia, "Prof, ukifika usitusahau, utapigiya shirika telefone, tutaweka sauti yote." Nanyi mnajua ndiyo desturi yetu: aliyefika hupiga Jumatano, simu inawekwa katikati ya meza kando ya msalaba, kila mtu anasikia.

Nilikwenda mji mkuu wa nchi jirani, mahali nilipoambiwa nitaitwa kuweka alama za vidole. Nilingoja wiki sita katika chumba cha kupanga. Wiki ya nne simu ya yule mpole ilinyamaza. Wiki ya sita nilikwenda mwenyewe kwenye ubalozi. Dada wa dirishani alitafuta jina langu mara tatu, kwa uvumilivu, akaniambia kwa huruma ambayo bado inanichoma: "Baba, huku hatukujui."

Nikarudi kwa njia ya Goma na kupanda boti ya kuja hapa Bukavu. Nilikuwa nimelipia hadi Bukavu, nataka mlijue hilo. Boti ikatia nanga Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa, ili watu washuke na mananasi yapandishwe. Nikasimama kwenye ukingo, nikawaza Jumatano. Nikaliona lango hili, nikazisikia sauti zenu, nikalisikia lile jina. Hakuna aliyelisema, mimi ndiye mtunzi wake, sikuhitaji kukumbushwa. Nikachukua mfuko wangu nikashuka. Boti ilipoondoka, kwenu nilibaki kuhesabiwa kuwa niko safarini.

Kule Idjwi nilipata kazi kwenye kituo cha kusafishia kahawa. Tuliketi kwenye meza ndefu tukichagua punje, nzuri huku, mbovu kule. Nilikuwa mwanamume pekee mezani, na wa polepole mno kwa kazi ile. Akina mama walinicheka.

"We Prof, chagula ile mubaya! Unaiangaliya kama unaisoma."

"Muache, anatafuta jina yake ya kwanza."

"Ataipeleka kwa ubatizo!"

Msimamizi alipita nyuma yetu akirudia neno lake moja kila siku: punje moja mbovu ikipita, gunia zima linarudishwa. Kahawa ile ilikuwa ikienda Ulaya na Amerika. Kila gunia nililoligusa lilikuwa na viza kuliko mimi.

Jumatano ya pili nikawapigia. Nilisema nimefika. Mlipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Mkaniuliza baridi ikoje, nami nikawapa kina cha theluji kwa usahihi, maana nilikuwa nimekisoma. Ndipo jogoo akawika nyuma yangu. Mwaikumbuka siku hiyo. Mzee mmoja kati yenu akauliza:

"Prof, kwa Kanada jogoo banaliyaka saa kumi ya mangaribi?"

Nikajibu kwamba saa zao na zetu haziko sawa, kwamba kule ni asubuhi. Mkacheka kwa furaha, mkanisifu kwa elimu. Mke wangu peke yake hakucheka. Baadaye aliniambia: "Nilijua siku ile. Nilingoja useme mwenyewe, papa, na hukusema."

Nilipiga Jumatano tisa. Kila mara uongo ulikuwa bora kuliko wa juma lililotangulia, kwa maana mimi ni mtu wa kupiga msasa.

Sasa nafika mahali pagumu. Katika chumba cha walimu, kwa miaka mingi, aliketi mezani pangu mwalimu mwenzangu wa biolojia, mjane, mama wa watatu. Tuligawana chaki na karanga. Siku moja, jua likiwa utosini nami niko mezani pa kahawa, akanipigia.

"Papa Prof, unanisikiya? Ile mutu wa Nyawera amefungula tena ofisi yake. Amepachika foto yako kwa ukuta, ile ya karavati. Anasema: kama munaniona mwongo, muulize shirika ya Prof, bo banasikiyaka sauti yake kila Jumatano."

Nikatupa punje nzuri upande wa mbovu, naye akaendelea:

"Basi nikauliza batu ya shirika. Bote banasema kweli, Prof anatumika, iko muzuri. Leo asubui nimeacha barua yangu kwa prefe. Lakini roho inapiga-piga. Nitumiye hata foto moja ya mahali unatumika, nitulie."

Vidole vyangu vilikuwa vikinuka kahawa. Ilikuwa bado saa sita mchana. Barua iliyoachwa asubuhi ingeweza kurudishwa kabla prefe hajaifungua. Sentensi moja ilitosha: *Maman, niko Idjwi.* Maneno matatu. Mimi niliyewafundisha watoto kwamba ufasaha ni kusema linalopasa kwa wakati unaopasa, nilisema: "Mtandao ni mbaya, nitakutumia," nikakata simu.

Ndugu zangu, nimetafuta katika lugha zote nizijuazo jina la tendo lile. Sina.

Akina mama wa mezani walikuwa wamesikia. Hakuna aliyenitania. Aliyeketi kushoto kwangu alisogeza rundo lake mbali na langu kidogo, kana kwamba punje zangu zingechafua zake, akasema bila kuniangalia: "Boti inatoka kesho asubui, Prof."

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Niliingia hapa na mfuko uleule. Mtu mmoja akapiga kelele kwa furaha, mwingine akauliza, "Prof! Umetoka Kanada na kambambili?" Nikasema yote nikiwa nimesimama. Simu ilikuwa tayari mezani, imewekwa ikinisubiri nipige. Nilipomaliza, mjane yule, aliyekuja siku hiyo kuisikia sauti yangu, akainuka pale nyuma. Aliuliza neno moja tu.

"Na barua yangu?"

Tulitoka watu sita kwenda shuleni, pamoja na mwenyekiti wetu, karibu tunakimbia. Prefe alikuwa bado ofisini. Alikuwa ameifungua barua jioni iliyotangulia, na asubuhi ile nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mtu aliyeingoja miaka saba. Hatukuweza kumlaani mtu huyo. Naye ana watoto. Laiti ningalisema saa sita mchana. Prefe alituambia mwenyewe kwamba alasiri ile barua ilikuwa bado mezani kwake, imefungwa.

Kutoka hapo tukaenda Nyawera. Ofisi ilikuwa imefungwa na kiti cha ngozi kimeondoka, lakini picha yangu ilibaki ukutani, na tai yake, karavati ile. Nimeileta. Ipo ndani ya kitabu hiki cha nyimbo; atakayetaka kuiona aione. Wengine wawili waliokuwa tayari kufuata njia ile walisalimika. Watu huniambia hilo kunifariji. Wawili walisalimika na uongo wangu, mmoja hakusalimika, na huyo mmoja ndiye aliyegawana nami karanga.

Leo nafundisha shule ya wazazi kule mlimani, bila matrikule, nyuma ya watu niliowafundisha. Jumamosi nakaa hapa na yeyote mwenye karatasi ya kazi ya ng'ambo. Tunaisoma pamoja, na kabla ya kusoma namwuliza lile swali la mwuza mbuzi.

Vijana, sisemi msiende. Nchi hii haijanipa hoja ya kuwaambia mbaki. Nasema mkishindwa, rudini na boti ileile, msishuke njiani. Na ninyi wazee na akina mama mliocheka siku ile ya Ubelgiji pamoja nami, nasema kwa uchungu na sitaupunguza: mlango tunaomfungulia anayeondoka kwa nyimbo, na kumfungulia anayerudi kwa kicheko, ndio uliowanunulia wadanganyifu kiti chao cha ngozi. Wao wanajua kwamba mtu wetu akiibiwa atanyamaza.

Namshukuru mke wangu, aliyejua akangoja. Nawashukuru akina mama wa meza ya kahawa, hasa yule aliyenitajia boti. Namshukuru mwenyekiti aliyekimbia nami kwa miguu yake mibovu. Yule wa Mwenga nimemtumia ujumbe mara tatu kwa wachuuzi wa dhahabu kumwomba msamaha. Jibu halijaja, na simdai jibu.

Limebaki jambo moja. Mwalimu wa biolojia yumo humu, benchi la tatu. Sasa anauza sambaza waliokaushwa, wale dagaa wa ziwani, na anafundisha watoto wa majirani jioni. Tangu Jumatano ile, mwaka mmoja na miezi miwili, nilimsalimu kila juma naye hakuitikia. Sikulalamika. Jumamosi iliyopita alikuja, akaweka mbele yangu karatasi ya mpwa wake: kazi, Dubai. Niliisoma mara mbili. Nikamwuliza kama wanamjua mtu yeyote aliyepita mlango ule akafika. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Basi asiache kazi yake bado."

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye kitenge chake, akasimama. Mlangoni akageuka.

"Aksanti, Transiti," akasema.

Nimelipokea jina langu. Mwaweza kuniita hivyo.