Miguu ya Uweso Kombo

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Uweso Kombo, kuli wa bandari ya Tanga, aliyefia kazini mwezi wa Shaabani kabla hajatimiza miaka arobaini. Uweso Kombo, mkazi wa Ngamiani.

Alizaliwa Mkwaja. Utotoni alishikwa na homa, viungo vikavimba, leo goti, kesho kiwiko. Mama yake alimkanda kwa mafuta ya nazi, akapona. Yaani alionekana amepona. Nduguye mkubwa, Hatibu, anakumbuka: "Tukikimbizana, yeye alikaa chini katikati ya mchezo. Tukamwita bibi harusi." Kabla ndevu hazijaota, alikuwa shamba la mkonge, akikata majani na kubeba matita, kwa uji wa asubuhi na muhogo wa jioni.

Ukubwani akaingia bandarini. Robota moja la katani, yaani mzigo wa nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa na kufungwa, ni zito kuliko watu watatu. Makuli hulisukuma kwa wimbo hadi kwenye tishari, chombo kinachopeleka shehena melini, na Uweso ndiye aliyekuwa akiuanzisha wimbo.

Mwaka jana miguu yake ikaanza kuvimba. Hapo ndipo tulipokosea sote. Sisi watu wa pwani tukiona mguu umevimba, tunasema matende. Majirani walisema matende. Uweso mwenyewe alisema matende. Wenzake wakamtania, "Bwana Uweso, mabuti hayo umeazima kwa nani?" Akacheka nao.

Mkewe, Mwanamkasi, hakucheka. Aliona miguu yote miwili ikivimba jioni na kunywea asubuhi. Aliona mumewe akilala ameketi, mgongo ukutani, maana akijinyoosha pumzi humkatika. Akamkokota hadi hospitali. Daktari akasikiliza kifua, akasema si matende, ni moyo. Homa ile ya utotoni iliutia kovu, na kazi nzito ikauchosha. Apewe kazi nyepesi, la sivyo atakufa.

Mwanamkasi akavaa buibui, akaenda kwa mnyapara, Ernesti, kuomba mumewe awekwe mlinzi wa lango.

"Mama, matende nayajua," Ernesti alimwambia. "Babu yangu alilima nayo mpaka uzeeni. Hayaui mtu."

"Daktari amesema ni moyo, bwana."

"Lango lina mlinzi. Kama hawezi kusukuma, nje wako wengi."

Hatukutaka kuhukumu upesi. Baada ya mazishi tulimwendea Ernesti. Akasema naye ana bwana juu yake, na bwana huyo ana meli inayongoja. Tumeligeuza jambo hili kila upande, na udhuru hatuuoni. Neno la daktari lilifika. Lilifika mapema. Likadharauliwa.

Juma lililofuata ombi la Mwanamkasi, kabla ya adhuhuri, Uweso alianguka kando ya robota. Hakuinuka.

Msibani alikuja mjumbe wa wakubwa wa kazi, na sanda na maneno mazuri. "Ni kazi ya Mungu," alisema. Mwanamkasi akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Mauti ni ya Mungu, baba. Mzigo ule si Mungu aliyemtwika."

Kwa Mwanamkasi aliye edani, kwa Hatibu na jamaa wote wa Mkwaja, tunawapa pole. Mola amrehemu marehemu. Wazazi, mtoto akivimba viungo kwa homa, mpelekeni hospitali hata akionekana amepona. Nanyi wasimamizi wa kazi, kesho asubuhi watu watajipanga tena langoni kwenu. Huenda yumo aliyelala ameketi. Mwulizeni. Na akijibu, mwaminini angali hai.